Nusu ya Bandari: Kutoka Rosettenville hadi Puebla

Tangu nirudi, cherehani yangu haipati nafasi ya kufanya kazi. Kila anayeingia na kitambaa anakitupa mezani, anavuta kiti na kuanza: "Mama Ombeni, picha ya Dona iko wapi? Ulienda nayo, umerudi bila. Tuambie." Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikifika kwenye ule mlima wa moshi anaingia mteja mwingine, naanza upya. Basi naandika. Someni wenyewe, mimi nishone.

Habari za viza, tiketi na mihuri nazipita. Zilinitia wazimu mara moja, yatosha.

Kwa ambao hamjawahi kuingia kwake: Dona Lurdes ni mama Mreno, mzaliwa wa kisiwa cha Madeira, mwenye nyumba hapa Rosettenville, Johannesburg. Sisi tunaishi katika vyumba vya nyuma. Sebuleni kwake kulikuwa na picha ya rangi ya mafuta iliyoletwa na babu ya marehemu mume wake, aliyekuwa baharia. Ni bandari. Juu kuna mawingu ya rangi ya waridi, chini kuna gati, na gatini wamesimama mabibi wenye magauni mapana, bwana aliyeinua kofia, mama mweusi mwenye kikapu kichwani na mbwa mdogo mwenye kiburi. Wote wanapunga mikono kuelekea upande wa kulia. Na upande huo picha inakwisha ghafla, kama kitambaa kilichopitiwa na mkasi.

Wanampungia nani? Hilo ndilo swali alilokaa nalo Dona tangu aolewe. Yeye mwenyewe aliondoka Madeira akiwa msichana, akaondoka Msumbiji akiwa na watoto, akaja hapa akawazika watu wake mmoja mmoja. "Maisha yangu yote nimekuwa nikiaga," huniambia. "Hawa nao, naogopa, wanaaga."

Siku moja mteja wangu, Mkenya wa kanisani kwetu anayefundisha historia ya sanaa chuo kikuu, alikuja kujaribu gauni. Akachungulia sebuleni, akaingia na pini zote mwilini. Akasema huo ni mtindo wa Rokoko, wa karne ya kumi na nane, lakini mkono uliochora si wa Ulaya, ni wa Meksiko ya wakati wa kutawaliwa na Wahispania. Akaandika huku na huko, na jibu likaja kutoka jumba moja la makumbusho mjini Puebla: wao walikuwa na nusu ya bandari isiyo na gati. Vanishi ya kale ilikuwa imeifanya nyeusi kama tako la sufuria, na ndiyo kwanza walikuwa wanaisafisha. Waliomba nusu ya Dona waziweke pamoja kwenye maonyesho. Na kama angekubali, wabaki nazo zote mbili moja kwa moja.

Dona haoni tena. Anatambua mwanga na vivuli tu, kwa hiyo picha za simu hazimsaidii. Akaniita.

"Lazima mtu afuatane na sanduku, na asiliache mpaka lifunguliwe. Utakwenda wewe. Uangalie kwa macho yako wanampungia nani, uniambie. Nikishajua ndipo nitaamua kama ibaki au irudi."

Mimi, nisiwafiche, nilitaka irudi. Watoto wangu wamekulia chini ya mawingu yale.

Rosettenville: wanakuja kulia

Mafundi walikuja asubuhi na sanduku la mbao, wakaifunga picha kwa karatasi laini na sifongo, wakapiga skrubu, kisha watu wanne wakalibeba taratibu kutoka mlangoni kwa Dona. Wakalipitisha getini, kimya kimya, kwa heshima zote.

Sasa fikirini jirani anayesimama kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, ng'ambo ya barabara. Anaona nini? Anaona sanduku la mbao linatoka nyumbani kwa bibi kizee na mimi nalifuata nyuma nimevaa nguo nyeusi. Nguo nyeusi nilivaa kwa sababu haioneshi uchafu wa safari!

Kabla gari halijawashwa, kina mama wa kanisani kwetu walikuwa wamefika. Mmoja ana viti vya plastiki kichwani, mwingine ana chupa ya chai, na Mama Riziki tayari ameanzisha wimbo wa msiba. Alinikumbatia kwa nguvu nusura anivunje mbavu.

"Alikufaka lini, Mama Ombeni? Na unanyamaza hivi! Sisi hatuko ndugu zako?"

"Nani amekufa?"

"Dona!"

Dona akatokea barazani na fimbo yake, akauliza kwa Kiingereza kwa nini watu wanaimba asubuhi yote hii. Mama Riziki alipiga ukelele, akaketi kwenye kiti chake mwenyewe. Nilipomweleza Dona, alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akasema viti visirudishwe, chai iletwe, na kwa kuwa watu wamekuja kulia basi wale keki. Niliwaacha wanakula. Nilimwona Mama Riziki, bado na machozi, akimshika Dona mkono kila baada ya muda ili ahakikishe una joto.

Ghalani, uwanja wa ndege

Watu wanadhani msafiri wa kazi hii anakaa kwenye viti laini na kunywa sharubati. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katika ghala la mizigo, nikilitazama sanduku langu. Kanuni ni hiyo: ulione likifungwa kwenye paleti, ulione likisukumwa kwenda kwenye ndege, ndipo nawe ukapande.

Mvua ya Johannesburg ya alasiri ikaja na radi zake, na kazi yote ya nje ikasimamishwa. Dereva wa foklifti, mwanaume mnene mwenye sauti ya upole, alizima mashine akaja kukaa karibu.

"Mama, humo ndani kuna nini? Unalichunga kama mtoto."

"Bandari."

"Eish. Bandari nzima?"

"Nusu."

Akalitazama sanduku, akanitazama mimi. Nikamweleza habari yote, ya watu wanaopunga na upande uliokatwa. Alifungua bakuli lake akanigawia papu na chakalaka, chakula ambacho kwa mtu wa Uvira, Kongo, kama mimi ni ugali na mboga yenye pilipili, hakuna ugeni. Tulikula mvua ikipiga mabati.

"Mimi nafikiri wanamfukuza mtu," alisema. "Kuna watu wanapunga hivi: nenda, nenda zako!"

Hilo sikuwa nimeliwaza! Mvua ilipokatika alilinyanyua sanduku kwa umakini ambao sijaona hata kwa mtu anayebeba keki ya harusi. "Sharp, mama," akasema. "Ukijua, rudi uniambie." Nilipanda ndege nikiwa na furaha ya mtoto, na nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba huenda ni kweli wanamfukuza.

São Paulo: ndege inaondoka bila mimi

Niwaambie kuhusu Kireno changu. Nimekipata kwa Dona, na Dona hukitumia kwa mambo mawili tu, kumfokea paka na kusali rozari. Kwa hiyo mimi ni Mpentekoste ninayejua kusali rozari nzima kwa Kireno, na nikikasirika najua maneno ya paka.

São Paulo nilinunua vitumbua vya jibini vya moto, na nilipomshukuru muuzaji aliwaita wenzake waje wasikie. Alisema naongea kama bibi yake mzaa bibi. Nilimwongezea sala moja fupi, akanipa kitumbua cha bure.

Furaha iliishia hapo. Wakala wa mizigo, bwana mwenye kizibao cha njano, alikuja akasema ndege ya Meksiko imejaa. Sanduku litabaki, litafuata kesho, mimi nipande.

"Sipandi," nikasema.

"Bibi, mlango unafungwa. Mizigo itakuja."

"Sanduku lisipopanda, sipandi."

Akaanza maelezo marefu, ya uzito na ya nafasi, akininyooshea mkono wa kunionesha njia. Nilitafuta neno la heshima kwa Kireno, sikulipata. Likatoka lile analoambiwa paka akiwa mezani, kwa sauti ileile ya Dona: ashuke hapo mara moja, mwizi asiye na haya!

Watu waligeuka. Bwana yule midomo ikamcheza, kisha akacheka mpaka akajishika magoti. Alisema hajaambiwa hivyo tangu marehemu bibi yake. Ndege ikaondoka bila mimi, lakini yeye mwenyewe alizunguka ofisini kwao na akanipangia ndege iliyofuata, mimi na sanduku pamoja. Alinipeleka mpaka chini nikalione likipakiwa. Nililipungia sanduku mkono, na naye akalipungia.

Kwenda Puebla: mlima wa moshi

Kutoka Jiji la Meksiko tulikwenda kwa lori, sanduku nyuma, mimi mbele na dereva, mzee mchangamfu anayeitwa Don Nacho. Hakujua lugha yangu hata moja, nami Kihispania nilikisikia kwa mbali kupitia Kireno cha paka. Tulielewana kwa chakula. Alinipa kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Nikafungua nikidhani ni chikwange ya muhogo, kumbe ni mahindi yaliyosagwa na kuku ndani. Nilikula, nikalamba jani. Don Nacho alisimamisha lori akaninunulia kingine.

Ndipo nilipouona mlima. Mkubwa, una theluji kileleni, na kileleni hapo unatoka moshi.

Wasomaji wa Nairobi na Dar mtacheka, lakini wa Kivu mnanielewa. Mtu aliyeona Nyiragongo ikimwaga moto haulizi maswali akiona mlima unafuka. Anachukua watoto na godoro anaondoka. Nilimshika Don Nacho mkono nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Geuza gari! Geuza gari!" Yeye akatazama mlima, akautolea kofia kama anavyosalimu jirani, akaendelea kutafuna.

Mimi niliomba njia nzima. Watu kandokando ya barabara walikuwa wanauza matunda, wanaanika nguo, wanafunzi wanacheza mpira, na mlima unavuta sigara juu yao. Nilijiambia kwamba moto ukija nitalitoa sanduku kwanza, kisha nikakumbuka lilibebwa na watu wanne. Tulipoingia Puebla nilikuwa nimelowa jasho na Don Nacho alinipongeza, sijui kwa lipi.

Puebla: sanduku linapumzika

Mwenyeji wangu alikuwa Itzel, mama wa makamo ambaye kazi yake ni kusafisha na kutibu picha za kale. Alisomea Ulaya, anajua Kifaransa, na mimi Kifaransa ninacho cha shule ya Uvira. Mungu ni mwema. Nilitaka tufungue papo hapo, nilikuwa tayari nimekunja mikono ya gauni.

"Hapana," akasema. "Mpaka kesho. Imetoka kwenye hewa nyingine. Lazima ikae chumbani, izoee."

Ndivyo wanavyofanya kazi. Picha iliyotoka safari haifunguliwi siku ile, inaachwa ndani ya sanduku ipate joto na unyevu wa mahali pale, rangi isije ikapasuka. Nusu yao nayo ilikuwa pale, imefunikwa shuka jeupe. Niliomba nichungulie kidogo tu, Itzel akacheka. Alisema Dona alinituma nizione pamoja, na yeye atanisaidia kutii. Sikumpenda kwa muda.

Jioni alinipikia nyumbani kwake. Kuku, na juu yake mchuzi mweusi kabisa. Mimi nikajua mboga imeungua na mwenyeji ana aibu, kwa hiyo kabla sijaonja nikasema kwa sauti ni tamu sana, sijapata kuona. Akaniongeza. Nilipoonja, jamani! Pilipili, ufuta, karanga na chokoleti, vyote pamoja. Niliomba mara ya tatu, na safari hiyo nilimaanisha.

Asubuhi tukafungua. Skrubu moja moja. Mawingu yangu ya Rosettenville yakatoka, bwana na kofia yake, mbwa na kiburi chake, hawakupata hata mkwaruzo. Wakaiweka kwenye kiegemeo, wakaisogeza ile nusu nyingine, Itzel akavuta shuka.

Wingu la waridi lililokuwa limekatwa likakutana na nusu yake. Ukingo wa gati ukakutana na maji yake. Mafundi walipiga makofi, na mimi nilikuwa naruka kama msichana. Kisha nikatazama bahari, nikapiga simu nyumbani, ambako ilikuwa jioni.

"Sema," Dona akaitika. Hakunisalimu hata.

"Dona, ni mashua! Mbali kuna merikebu kubwa imeshusha nanga. Kati ya merikebu na gati kuna mashua, ina wanaume wa makasia na mwanamke mmoja mwenye shela ya bluu."

"Inakwenda wapi?"

Nikatazama vizuri. Wanaume walielekeza nyuso zao baharini, kwenye merikebu. Uvira, kwenye ziwa letu, mwenye mtumbwi hutazama anakokwenda, kafi mkononi, uso mbele. Sikuwa na shaka.

"Inakwenda merikebuni, Dona. Wanaondoka. Wanaume wamewapa watu mgongo, hata hawageuki. Mwanamke tu ndiye anaangalia nyuma."

Nilisikia paka akilia nyuma ya Dona.

"Basi ni kwaheri," akasema.

"Ndiyo, Dona. Pole."

"Nirudishie. Kwaheri nzima sitaki iangikwe mahali watu waitazame. Nusu inanitosha."

Nitasema kweli: nilifurahi. Inarudi! Nilimgeukia Itzel nikamwambia mwenyewe anataka picha yake. Uso wake ulisawijika, lakini aliinamisha kichwa akasema ni haki yake. Alishika ukingo wa shuka ili afunike tena.

"Ngoja," Dona akasema sikioni mwangu. "Hao wa makasia wamekaa au wamesimama?"

"Wamekaa."

"Wameshika nini?"

"Kila mmoja ana mti mrefu umelazwa ukingoni mwa mashua. Anauvuta kifuani kwa mikono miwili."

"Na mgongo umeelekea gatini."

"Ndiyo, Dona. Nimekwambia."

Kwanza nilidhani analia. Kisha nikasikia fimbo yake inagonga sakafu, ko, ko, ko, kama anavyofanya timu yake ikifunga goli.

"Mwanangu! Baba yangu alikuwa akivusha abiria kutoka melini mpaka gatini, kila siku ya Mungu. Mtu wa makasia haoni anakokwenda! Anakaa akitazama alikotoka, mgongo ndio unaotangulia. Wanakuja! Na huyo mwanamke haangalii nyuma. Anaangalia mbele!"

Nilitazama tena. Hakuna kilichosogea, lakini machoni pangu mashua yote ilikuwa imegeuka. Mwanamke mwenye shela alikuwa anawatazama watu wa gatini, naye mkono wake mmoja, ambao nilidhani umeshika ukingo, ulikuwa umeanza kuinuka.

"Wanafika," nilimwambia Itzel kwa Kifaransa.

"Bila shaka wanafika. Ulidhani nini?"

Nilimweleza habari ya mitumbwi ya Uvira, tukacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Simuni Dona alikuwa bado anaongea.

"Iache huko."

"Iache kabisa? Dona, ukuta wako?"

"Watu wamekaribia kushuka, wewe unataka nilete sanduku niwatenganishe tena? Iache."

Nililia mbele ya mafundi wote. Nilikuwa na furaha kubwa na nilikuwa nimeipoteza picha, na vyote viwili vilinijia kwa pamoja. Itzel alinishika bega, tukakaa sakafuni tukawatazama.

Kurudi Johannesburg

Kurudi hakukuwa na kisa, kwa sababu sikuwa na sanduku la kuchunga na nililala njia nzima. Mlima nao niliusalimu kwa mbali.

Nilitoka mlango wa wanaowasili nikisukuma begi langu, namtafuta mume wangu. Nilimwona Baba Ombeni, na pembeni yake, kwenye uzio mbele kabisa, Dona Lurdes. Amevaa gauni la Jumapili, fimbo imening'inia kwenye kiwiko, mkono mmoja juu.

"Nilimwambia asubiri nyumbani," mume wangu alisema. "Akakataa. Haoni nani ni nani, basi anampungia kila anayetoka."

Wafanyabiashara wenye suti walipungiwa, mama na mapacha wake, timu nzima yenye jezi. Wengi walipunga pia, na mmoja akaja kumbusu shavuni. Nilisogea mpaka mbele yake. Hakunitambua, alikuwa bado anapunga juu ya bega langu, kwa wanaofuata. Nilimwacha apunge.